Isale mpakani, isale mkononi

Desemba, Wachaga walio Dar es Salaam na Arusha wanaporudi Kilimanjaro kula sikukuu kwao, mtu huamka asubuhi ya kwanza akazunguke kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Anakuta mstari wa masale, mimea inayopandwa kuweka mpaka, umesogea hatua mbili ndani ya migomba. Jirani ni mtoto wa baba yake mdogo. Jua halijatua, wameshatupiana maneno, na hakuna tena anayezitaja hizo hatua mbili. "Ninyi wa mjini mnatuona mabwege." "Mama mdogo wako tumemzika, hukuja."

Hilo la msiba ndilo la kushika. Msuluhishi akilipuuza akakimbilia kamba ya kupimia, mpaka utanyooka na ugomvi utabaki.

Mwaka 2021 Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ilirekebishwa, baraza la kata likaondolewa mamlaka ya kuamua nani mwenye haki. Limebaki kusuluhisha: huketi wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna wanaoona baraza limepokonywa nguvu. Mimi naona hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Mwenye kuamua husikiliza ili apate mkosaji. Akishampata, hasikii tena. Asiye na hukumu mkononi hana budi kuendelea kuuliza.

Na kuuliza kuna namna yake. "Nani kasogeza mpaka?" ni swali linaloita uongo. Afadhali: "Masale haya walipanda kina nani?" Hapo wote wawili watawataja baba zao, ndugu wa tumbo moja, na sauti zitashuka. Kisha kila mmoja aambiwe arudie alichosema mwenzake, kabla ya kujibu. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. "Anasema mimi mwizi." Hapana, hakusema hivyo, rudia. "Anasema nimechukua ardhi." Bado. "Anasema... alifika akakuta masale yamehama, na hakuna aliyemwambia." Hapo mwenye maneno akiitikia kwa kichwa, mlango umefunguka. Lisilosemeka mbele ya shemeji na watoto, wajumbe walisikilize faragha, mmoja mmoja.

Sisemi kila jambo lisuluhishwe. Mke aliyepigwa, au mjane anayefukuzwa kihambani, akiambiwa "yaishe nyumbani" anadhulumiwa mara ya pili. Huyo apelekwe polisi au mahakamani, na wazee wamsindikize.

Lakini kwa ndugu wawili na hatua mbili za ardhi, Wachaga wana dawa ya zamani. Isale lile lile linalowekwa mpakani ndilo anayeomba radhi hulipeleka kwa aliyemkosea, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa kati, na kulikataa ni jambo zito. Ila jani halisemi kwa niaba ya mtu. Aliyesogeza mpaka aseme amesogeza. Aliyekosa mazishi aseme hakuja, na aeleze kwa nini.

Wakishasemezana, mmoja hukata kipande cha isale na kukichomeka pale walipokubaliana, mwenzake ameshika jembe. Mvua ikinyesha, linashika lenyewe.