Mtoto akipimwa oksijeni kidoleni: namba ipi ya kuamini?

Mtoto amekohoa usiku kucha. Asubuhi umemfikisha zahanati, kwa bodaboda au kwa mtumbwi kutoka kisiwani. Mhudumu anambana kidoleni kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Kinasoma 96. Je, mtoto yuko salama?

Kifaa hicho huitwa oksimita. Wilayani Sengerema, mkoani Mwanza, zahanati na vituo vya afya kadhaa vilipatiwa vifaa hivi kupitia mradi wa TIMCI, uliohusisha Taasisi ya Afya Ifakara.

Kinafanyaje kazi?

Hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi hufyonza mwanga huo tofauti na damu yenye oksijeni kidogo. Kifaa hulinganisha na kutoa asilimia, pamoja na mapigo ya moyo.

Ukanda wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa mtoto mwenye afya kwa kawaida husoma 95 au zaidi. Chini ya 90 ni hatari: anahitaji oksijeni haraka, hata kama hajabadilika rangi ya midomo.

Lini kipimo kirudiwe?

Namba inaweza kupotoka ikiwa:
- mtoto analia au anarusha mkono;
- vidole ni vya baridi;
- kucha zina rangi au hina;
- jua kali linapiga kifaa;
- kifaa ni cha mtu mzima na kidole ni kidogo mno.

Mtulize mtoto, pasha mkono joto, na mwombe mhudumu asubiri namba itulie. Kwa mtoto mchanga, kifaa cha saizi yake hufungwa mguuni. Namba ikibaki chini baada ya kurudia, iaminiwe.

Namba nzuri, mtoto mgonjwa

Malaria na selimundu huwaacha watoto wengi wa Kanda ya Ziwa na upungufu wa damu. Fikiria mitumbwi inayovusha mizigo. Oksimita huangalia kama mitumbwi iliyopo imejaa. Haihesabu imebaki mingapi. Mtoto aliyeishiwa damu anaweza kusoma 98 na bado mwili wake ukakosa oksijeni ya kutosha. Kiganja kilichopauka ni dalili ya kupima wingi wa damu.

Aliyevuta hewa ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa naye anaweza kusoma vizuri, kwa sababu kifaa hakitofautishi hewa hiyo ya sumu na oksijeni.

Pia, mwaka 2020 watafiti nchini Marekani waliripoti kuwa, kwa wagonjwa watu wazima, kifaa kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo 91 au 92 isichukuliwe kama ruhusa ya kurudi nyumbani bila mtoto kuangaliwa kwa karibu.

Mwangalie mtoto kwanza

Haijalishi kifaa kinasema nini, mtoto anahitaji huduma ya haraka ikiwa:
- kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi;
- hawezi kunyonya au kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea sana au haamki.

Ukiona mojawapo baada ya kurudi nyumbani, rudi siku hiyo hiyo. Kama unategemea kivuko, usingoje cha kesho.