Nani Alimfungia Hondohondo?

Dume wa hondohondo amesingiziwa vya kutosha. Wageni mbugani husimuliwa kwamba ana wivu, ndiyo maana humfungia mkewe ndani ya mti kwa udongo asije akatoroka. Wengine huongeza kwamba dume akifa, jike naye hufa njaa humo humo. Hadithi tamu, ila ni uzushi. Anayekandika ukuta ni jike mwenyewe, kutoka ndani, na akitaka kutoka huubomoa kwa mdomo wake.

Sura hii ilipangwa ieleze kwanza viota, kisha chakula. Kwa hondohondo mambo hayo hayatenganishiki, basi mpango na usubiri.

R. E. Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, aliwachunguza hondohondo wenye mashavu ya fedha miaka ya 1930. Dume humeza udongo, huuchanganya na mate kooni, kisha huutapika kama vidonge na kumpa jike, naye huukandika hadi mlango ubaki ufa mwembamba. Kima hapiti, wala jike mwingine anayelimezea mate shimo hilo. Kuanzia hapo chakula cha waliomo ndani kinategemea koo la dume. Kwa siku zipatazo 120 huenda na kurudi mara 1,600 hivi, akileta matunda yanayokadiriwa kufikia 24,000, ambayo huyacheua moja moja. Hayo ni matunda 200 kwa siku, na mara nyingi anayekuzwa ni kinda mmoja tu! Msitu usiozaa matunda mfululizo kwa miezi minne haumlei.

Hondohondo wadogo wa nyika hula zaidi wadudu, hivyo husubiri mvua. Jike akishajifungia hupukutisha manyoya ya kurukia yote kwa mpigo. Makinda wakikua, mama hutoka kusaidia kuwinda, na makinda, bila kufundishwa na yeyote, huziba mlango upya.

Kubwa kuliko yote ni nyumba. Hondohondo hatoboi mti, na yule mkubwa wa msituni mashimo ya kigogota hayamtoshi. Anahitaji mti mnene, mzee, uliooza moyo: ule ule ambao mwenye msumeno huuona hauna faida akaukata eti kusafisha msitu. Usafi gani huo? Jozi isiyopata shimo haitagi msimu huo, hata mikuyu ikielemewa na matunda.