Walsi za Vienna: Yaliyo nyuma ya makofi ya Mwaka Mpya

KILA Januari mosi, saa tano na robo asubuhi kwa saa za Austria, ambayo ni saa saba na robo mchana nchini Kenya, wanamuziki wa okestra ya Wiener Philharmoniker huketi katika Ukumbi wa Dhahabu wa jumba la Musikverein, jijini Vienna, na kuanza kupiga muziki unaofuatiliwa na mamilioni ya watu katika zaidi ya nchi 90 kupitia runinga na redio.

Si muziki mzito. Hakuna simfoni ya saa nzima wala misa ya wafu. Ni walsi, polka na nyimbo za gwaride, nyingi zikiwa zimetungwa na watu wa ukoo mmoja, ukoo wa Strauss, katika karne ya 19. Zilitungwa ili watu wacheze dansi, wanywe na wasahau madeni yao hadi alfajiri.

Wepesi huo ndio huwafanya wengi kudhani kwamba tamasha hili ni pambo tu la sikukuu, mithili ya maua yanayojazwa ukumbini siku hiyo. Anayelihudhuria akiwa anajua lilivyoanza na jinsi linavyofanya kazi husikia mengi zaidi ya hayo.

Kuhudhuria kwenyewe si jambo rahisi. Tiketi haziuzwi dirishani. Anayezitaka hujiandikisha katika tovuti ya okestra karibu mwaka mzima kabla ya tamasha, kisha kura hupigwa. Viti bora hugharimu zaidi ya euro 1,000, ilhali wanaosimama nyuma ya ukumbi hulipa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Waliokosa bahati ya siku yenyewe hujaribu kupata nafasi Desemba 30 au jioni ya Desemba 31, ambapo nyimbo zizo hizo hupigwa na wanamuziki wao hao.

Ukumbi huo, uliobuniwa na msanifu Theophil Hansen na kufunguliwa Januari 1870, una umbo la sanduku refu lenye dari la juu. Una viti takriban 1,700 na nafasi ya watu wapatao 300 kusimama. Sakafu yake ina uwazi chini, na mbao, plasta na sanamu zilizopakwa dhahabu hurudisha sauti kwa upole pasipo mwangwi wa kuudhi. Hakuna vipaza sauti. Fidla moja ikipigwa kwa mnong'ono, aliyesimama mlangoni huisikia.

Walsi ni dansi ya mipigo mitatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mkenya aliyelelewa na redio na muziki wa Country anaujua mwendo huo vyema hata kama hajawahi kusikia jina la Strauss, kwa maana wimbo "Tennessee Waltz" nao ni walsi, kama jina lake linavyosema. Polka, kinyume chake, ni dansi ya mipigo miwili, ya haraka na yenye vichekesho. Katika polka za ukoo wa Strauss mtu husikia ngurumo za radi, nyundo za wahunzi na hata garimoshi.

Hata hivyo, walsi ya Vienna ina siri yake. Besi hupiga mpigo wa kwanza, kisha fidla za pili na viola hujaza miwili iliyosalia. Wanamuziki wa jiji hilo huufikisha mpigo wa pili mapema kidogo kuliko hesabu inavyodai, na wa tatu wakauchelewesha. Tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba haiandikwi katika nota. Hujifunzwa kwa sikio, fundi mkongwe akiwa ameketi kando ya kijana, na ndiyo sababu walsi ikipigwa kwa hesabu kamili huonekana kuchechemea ilhali ile iliyopindwa kidogo huonekana kuelea.

Aidha, walsi ya Strauss si wimbo mmoja. Aghalabu huanza kwa utangulizi wa taratibu, ikafuatwa na mnyororo wa walsi fupi, mara nyingi tano, kisha hitimisho linalozikumbusha zile zilizotangulia. Msikilizaji asiyejua hili hudhani wimbo umekwisha pale ambapo umepumua tu, akapiga makofi peke yake.

Hilo linafaa kukumbukwa hata na anayehudhuria tamasha la aina hii nyumbani. Jijini Nairobi, Nairobi Orchestra, ambayo wengi wa wanamuziki wake hupiga kwa kujitolea, imekuwa ikiandaa matamasha ya okestra kwa miongo mingi, na tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto wa Korogocho fidla, selo na tarumbeta. Adabu ya ukumbini ni chache: kufika mapema, kuzima simu, na kusubiri kiongozi ashushe mikono kabla ya kushangilia. Aliyezoea taarabu, ambako msikilizaji hunyanyuka katikati ya wimbo na kwenda kumtuza mwimbaji, huenda akauona ukimya huo kuwa ubahili. Lakini sehemu kubwa ya muziki huu hupigwa kwa sauti ya chini.

Kiongozi huyo huitwa kondakta na baadhi ya waandishi, neno ambalo kwa abiria wa matatu lina maana nyingine kabisa. Kuanzia 1955 hadi 1979 tamasha la Vienna liliongozwa na Willi Boskovsky, aliyesimama mbele ya wenzake akiwa na fidla mkononi kama alivyofanya Strauss mwenyewe. Lorin Maazel alishika usukani kuanzia 1980 hadi 1986. Baada yake, okestra imekuwa ikimwalika kiongozi wa kila mwaka peke yake, na 2017 Gustavo Dudamel wa Venezuela, akiwa na umri wa miaka 35, alikuwa mdogo zaidi kupata heshima hiyo. Okestra hii haikuwakubali wanawake kuwa wanachama hadi 1997. Utunzi wa mwanamke, Constanze Geiger, ulipigwa katika tamasha hili kwa mara ya kwanza 2025, na kufikia tamasha la 2026 hakuna mwanamke aliyekuwa ameliongoza.

Mwisho wa programu rasmi huwa si mwisho. Hufuata nyimbo tatu za ziada. Ya kwanza huwa polka ya haraka. Ya pili huanza kwa fidla kutetema kwa sauti ya chini, na papo hapo ukumbi mzima hulipuka kwa makofi na kuukatiza. Kiongozi hugeuka, akasema maneno machache, kisha yeye na okestra wakawatakia watu heri ya Mwaka Mpya. Ndipo wimbo huanza upya. Ni walsi ya "Mto Danube wa Samawati".

Walsi hiyo, ambayo leo ni kama wimbo wa pili wa taifa la Austria, ilizaliwa katika mwaka wa aibu. Mnamo Julai 1866 jeshi la Austria lilishindwa vibaya na Prussia huko Königgrätz. Chama kimoja cha kwaya ya wanaume jijini Vienna kilitaka kitu cha kuwachangamsha watu, naye Johann Strauss mwana akawatungia walsi. Ilipoimbwa Februari 15, 1867, ilikuwa na maneno ya mzaha na haikuwasisimua watu sana. Ni toleo la okestra pekee, bila maneno, lililoipa umaarufu huko Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka uo huo. Maji ya mto wenyewe, kwa aliyewahi kuyaona, kwa kawaida si ya samawati.

Wimbo wa tatu wa ziada ni "Gwaride la Radetzky", utunzi wa Johann Strauss baba. Hapa watazamaji hupiga makofi kwa mwendo wa wimbo, naye kiongozi huigeuzia okestra mgongo na kuwaongoza wao: polepole hapa, kwa nguvu pale. Ni dakika chache za furaha isiyo na hila. Lakini Jenerali Joseph Radetzky anayesifiwa alikuwa amewashinda Waitaliano waliotaka kujinasua kutoka utawala wa Austria, na wimbo huo ulipigwa mara ya kwanza Agosti 31, 1848, kumpongeza. Mwana wa mtunzi alikuwa upande wa wanamapinduzi wa Vienna mwaka huo huo, akajikuta mikononi mwa polisi kwa kupiga wimbo wa mapinduzi wa Wafaransa. Miaka zaidi ya 100 baadaye, Claudio Abbado, mzaliwa wa Milan, jiji lililomfukuza Radetzky Machi 1848, alisimama ukumbini humo kuliongoza gwaride lake.

Giza la tamasha lenyewe ni la karibu zaidi. Lilifanyika kwa mara ya kwanza Desemba 31, 1939, chini ya Clemens Krauss, miezi minne baada ya vita vikuu vya pili kuanza. Austria ilikuwa imemezwa na Ujerumani ya Hitler zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya tamasha hilo. Mapato yalikwenda kwa mfuko wa Wanazi wa misaada ya msimu wa baridi wakati wa vita. Tamasha la pili lilifanyika Januari mosi, 1941, na tangu hapo tarehe hiyo ikawa desturi.

Kulikuwa na tatizo moja. Johann Strauss baba alikuwa mjukuu wa Myahudi aliyebatizwa na kufunga ndoa katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano jijini Vienna mwaka wa 1762. Kwa sheria za Wanazi, jambo hilo lilikuwa doa kwa muziki uliotangazwa kuwa wa Kijerumani halisi. Walichofanya si kuupiga marufuku muziki. Walikitwaa kitabu cha ndoa cha kanisa, wakaandaa nakala isiyokuwa na ukweli huo. Walsi ikaendelea kupigwa.

Wanadamu hawakuweza kughushiwa vivyo hivyo. Wanamuziki wa Kiyahudi walifukuzwa katika okestra 1938, na baadhi yao waliangamia makambini. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Arnold Rosé, aliyejiunga nayo 1881 na kuwa kiongozi wa fidla kwa zaidi ya nusu karne. Alikimbilia London akiwa mzee na kufia huko 1946.

Binti yake, Alma Rosé, alikuwa mpigaji fidla pia. Mnamo 1932 aliunda okestra ya wanawake iliyozunguka Ulaya ikipiga nini ila walsi. Alikamatwa nchini Ufaransa, akapelekwa Auschwitz Julai 1943. Huko alipewa okestra ya wafungwa wanawake aiongoze. Walipiga nyimbo za gwaride langoni, asubuhi wafungwa wakienda kazini na jioni wakirudi, na nyakati nyingine walipiga muziki mwepesi kuwaburudisha maafisa wa kambi. Alma aliwakaripia wenzake kwa kila nota iliyokosewa. Waliosalimika walieleza baadaye kwamba walimwogopa, na kwamba ukali huo ndio uliowaokoa, maana okestra ikiwa mbaya isingekuwa na faida kwa wenye kambi. Yeye mwenyewe aliugua ghafla na kufariki Aprili 1944. Wengi wa wanawake aliowaongoza waliishi kuiona amani, akiwemo mpigaji selo Anita Lasker-Wallfisch, aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa English Chamber Orchestra jijini London.

Kwa miongo mingi okestra ya Vienna haikupenda kuyazungumza haya. Ilikuwa hadi 2013 ambapo iliwaruhusu wanahistoria huru kuchapisha matokeo ya uchunguzi wao katika tovuti yake. Ilibainika kwamba karibu nusu ya wanamuziki walikuwa wanachama wa chama cha Nazi kufikia 1942. Okestra ilifuta heshima ilizokuwa imewapa vigogo wa utawala huo. Kisha 2020, tamasha likiongozwa na Andris Nelsons, "Gwaride la Radetzky" lilipigwa kwa mpangilio mpya, kwa kuwa ule uliozoeleka ulikuwa wa Leopold Weninger, aliyekuwa mwanachama wa chama hicho. Wapo waliolalamika kwamba siasa imeingizwa katika burudani, kana kwamba iliwahi kukosekana humo.

Makofi yenyewe yamewahi kunyamaza. Mnamo 2021 Riccardo Muti aliiongoza okestra mbele ya viti vitupu kwa sababu ya janga la Covid-19, nayo makofi yakatumwa kwa intaneti na watazamaji waliokuwa majumbani.

Mara nyingine ilikuwa kwa hiari. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari Hindi, yakaua watu zaidi ya 200,000, wengi wao nchini Indonesia. Yalifika hadi Somalia, walikokufa mamia, na hata pwani ya Kenya. Siku sita baadaye Maazel aliporejea kuliongoza tamasha la Januari mosi 2005, gwaride liliondolewa katika programu. Fidla zilitetema, heri za Mwaka Mpya zikatolewa, ikapigwa walsi ya Danube, na wanamuziki wakaweka ala zao chini.