Hasira na Huruma Katika Shauri



Yamkini kila mmoja wenu amepata kuketi barazani akaona jambo hili. Watu wawili wana daawa juu ya mpaka wa shamba. Mmoja anayo haki, na mashahidi anao. Lakini mwenziwe amwambiapo neno moja la dharau, huinuka akitetemeka, akapiga kelele na kutukana. Mwisho wazee humtoza faini kwa matusi yake, na habari ya mpaka huachwa. Wahenga walimjua mtu huyu waliposema, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi." Husemwa kuwa mkizi akikasirika huruka juu ya maji na kuangukia ndani ya mtumbwi, mvuvi hana kazi ila kumwokota.

Je, mtu aendapo barazani auache moyo wake nyumbani? Wengi hudhani hivyo. Mimi sidhani, na sababu yangu ni habari moja ya kale.

Habari yenyewe ilitokea Uyunani mwaka wa 427 kabla ya Kristo. Katika mji wa Athens mambo makubwa yaliamuliwa na mkutano wa raia wanaume; kila raia aliweza kusema, kisha wakainua mikono kukata shauri. Wakati huo Athens ilikuwa vitani na Sparta. Mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umepatana na Athens kwa heshima: ulitoa merikebu za vita, wala haukulipa kodi kama miji mingine. Mji huo ukaasi. Watu wa Athens wakauzunguka kwa jeshi hata chakula kikapungua, nao ukasalimu amri kwa jemadari wao, jina lake Paches.

Mkutano ulipokutana, watu walikuwa wamewaka kwa hasira, kwa kuwa waliowaasi ni wale waliowaheshimu. Wakakata shauri kwamba wanaume wote wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wafanywe watumwa. Siku ile ile merikebu ikapelekwa kumpa Paches amri hiyo.

Usiku ukapita. Kulipokucha watu wakaanza kujuta, wakaona ni ukatili kuangamiza mji mzima, wenye hatia na wasio na hatia. Mkutano ukaitwa tena. Angalieni jambo hili: si hoja iliyoufungua mlango uliokwisha fungwa, bali ni majuto ya moyo.

Akasimama Cleon, ambaye shauri lake ndilo lililoshinda jana yake. Akawaonya kwamba huruma huwadhuru wenye kutawala, na kwamba adhabu ifuate upesi, maana hasira ya aliyekosewa hupoa kwa kuchelewa. Tena akasimama Diodotus. Yeye alisema kwamba mambo mawili huharibu shauri jema, nayo ni haraka na hasira. Wala hakuwaomba wamwage machozi. Aliwauliza, faida yetu ni nini? Tukiwaua hata waliosalimu amri, ni mji gani ulioasi utakaotubu tena? Kila mji utapigana hata mwisho, nasi tutapoteza fedha nyingi, kisha tutakuta magofu yasiyoweza kulipa kitu. Mikono ikainuliwa, ikawa karibu sawasawa. Lakini Diodotus akashinda.

Merikebu ya pili ikaondoka mbio. Ya kwanza ilikuwa imetangulia mchana na usiku karibu. Wajumbe wa Mytilene wakawapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi kubwa kama wakiwahi. Watu wale walikula huku wakivuta makasia, wakalala kwa zamu. Ile ya kwanza ilikwenda polepole, kwa kuwa ujumbe wake ulikuwa wa kuchukiza. Paches alikuwa amekwisha soma amri ya kwanza, yu tayari kuitimiza, ndipo ya pili ilipotia nanga. Mji ukaokoka, lakini waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa, nao, kama aandikavyo Thucydides, walizidi 1,000.

Twajifunza nini? Hasira ya watu wa Athens haikuwa ya bure. Walikuwa wamekosewa kweli. Hasira ni shahidi mzuri: yatuambia kwamba pana jeraha. Lakini shahidi hapewi kiti cha hakimu. Huruma nayo ilifanya kazi yake ilipowarudisha watu mkutanoni. Lakini kama Diodotus angalitegemea machozi tu, yamkini angalishindwa. Mwangalieni Cleon pia. Aliwaambia watu waache huruma, huku yeye mwenyewe akiwachochea hasira. Basi mtu akikuambia, "Acha moyo wako, tumia akili," tazama kwanza kama hataki tu uuache moyo wako uchukue wake.

Aristotle, mwenye hekima aliyezaliwa mwaka wa 384 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba hukumu tutoayo tukiwa na upendo siyo tutoayo tukiwa na chuki. Kisha alisema kwamba atakaye kuijua hasira na ajue mambo matatu: mwenye hasira yu katika hali gani, amemkasirikia nani, na kwa sababu gani.

Nanyi, siku moyo utakapochemka barazani, jiulizeni hayo matatu. Je, nina njaa au nimechoka? Je, nimkasirikiaye ni huyu, au ni mwingine wa jana? Je, sababu yangu naweza kuieleza wazee wakaifahamu? Kama waweza, iseme kwa sauti ya chini: "Neno hili limeniumiza, na sababu yake ni hii." Kama huwezi, waombe wazee shauri lilale hata asubuhi. Watu wa Mytilene waliishi kwa ajili ya usiku mmoja.