Baba Ajida, askari aliyetunza makaratasi ya watoto

Leo tunamukumbuka mzee mmoja wa Salamabila, mu teritware ya Kabambare. Wote tulimuita Baba Ajida, kwa sababu ya cheo chake cha jeshi. Sisi wa sendika ya wachimbaji ndio tulimuzika, na si vizuri mafundisho yake yabakie kaburini.

Alizaliwa Kasongo, akaingia jeshi mwaka 1966. Mu Mei 1978 alitumwa Kolwezi, wakati waasi waliotoka Angola waliposhika mji ule wa migodi. Juu ya risasi hakupenda kusimulia. Alisimulia juu ya wajane: waume wamekufa, na wao hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba watoto ni wa marehemu. Alikuwa anasema: "Mutoto bila karatasi, baba yake akikufa, anakuwa mutoto wa hakuna mutu."

Mwaka 1991, askari wengi waliingia mu uporaji kwa ajili ya mishahara. Yeye alimaliza miaka yake 25, akarudi Kasongo na kinga moja. Na kinga ile alisomesha watoto saba. Alipakia mchele, akausukuma mu matope mpaka Kabambare, akarudi na minerval. Vita ilipofunga njia, aliwafundisha nyumbani, akiandika na makala ku mlango. Siku mama alienda kuuza sokoni, yeye ndiye alipika bukari na sombe. Watu walimucheka. Alijibu: "Mu jeshi, nani alikuwa ananipikia?"

Alipofika kwetu kutafuta dhahabu ya Namoya, hakuacha kutusumbua. Sheria ya 10 Januari 2009 inasema kila mtoto aandikishwe ku etasivili mu siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Krezeri akizaliwa mtoto, Baba Ajida alimushika mukono, wakaenda wote ku ofisi. Wengi kati yetu tuna zile karatasi kwa sababu yake.

Mu Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimuvalisha nishani, kule Kinshasa, Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyekuwa askari wa Force Publique mu vita ya pili ya dunia. Baba Ajida alisikia habari ile ku redio, akafurahi sana. Kisha akauliza: "Na wajane ya wenzake?"

Leo mjane ni wake mwenyewe. Mu kopo la biskuti aliacha kila kitu: karatasi ya ndoa, za watoto wote saba, na za jeshi. Mama amepeleka dosie ya pansheni mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa arudi kesho. Mara ya tatu hatakwenda peke yake, tutamusindikiza.

Na wewe baba unayesoma hapa, kama mtoto wako hajaandikishwa, usingoje. Siku 90 zinaenda mbio.