Maji ya Shamba Lako Yanakwenda Wapi?



Kila mwaka ukifika mwezi wa Aprili, watu huja ofisini kwetu na shauri moja. Mmoja husema, "Maji ya jirani yameingia kwangu, yamechukua mistari kumi ya mahindi." Jirani akiitwa hujibu, "Si maji yangu, ni maji ya Mungu." Wote wawili wana kweli yao. Mvua ni ya Mungu, lakini pale ilipotokea kuingia katika shamba la mwenzako, pengine ni wewe uliyepafungua kwa jembe lako. Kazi yangu mimi ni kuandika majina katika daftari na kumwita Bwana Shamba, lakini nimeandika mashauri ya namna hii mara nyingi hata naona yafaa tuyazungumze hapa gazetini, tena kabla ya mvua, si baada yake.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na mazoea ya ubao na chaki hayaishi. Mvua ya milimita 50, ambayo yaweza kunyesha alasiri moja tu, ikianguka juu ya ekari moja ni lita 200,000 na zaidi kidogo. Debe ni lita 20. Basi hayo ni madebe 10,000 katika kila ekari. Mwenye ekari 15 amepokea madebe 150,000 katika muda ule aliokaa barazani akinywa chai. Je, ameyaweka wapi? Kama udongo wake umefunikwa kwa majani na una samadi ya kutosha, mengi yatazama chini. Lakini kama ng'ombe wameukanyaga ukawa mgumu kama sakafu, au kama trekta imelima kufuata mteremko, juu kwenda chini, yatakwenda kwa jirani, na jirani atampa wa tatu, mpaka mtoni.

Tutazame mto Nyando, maana wengi wenu mnaujua. Hushuka kutoka milima ya Nandi, Tinderet na upande wa Londiani, ukapita Fort Ternan, Koru na Muhoroni, halafu ukaingia uwanda wa Kano, ukapita Ahero hadi Ziwa Victoria. Juu ni miteremko mikali, chini ni tambarare kabisa. Maji yakifika tambarare hupunguza mbio, na yakipunguza mbio huangusha tope yalilobeba. Tope hujaza kitanda cha mto, mto ukakosa nafasi, ukatoka kwenda majumbani kwa watu. Wenye mashamba ya skimu za Koru, Muhoroni na Songhor wako katikati ya njia hiyo. Wakati wanapoomboleza kwamba mbolea imepanda bei, udongo wao wa juu, ambao ndio wenye chakula cha mimea, unalala sakafuni mwa nyumba ya mtu wa Kano asiyeuhitaji pale.

Sasa yako maneno mawili yanayoshindana, nami nimeyasikia yote katika mabaraza. Wako wasemao kwamba mafuriko ni kazi ya wahandisi: zijengwe kuta, yachimbwe mabwawa, ziletwe mashine za kuchimbua mto. Wako na wengine wasemao kwamba dawa ni kuirudishia nchi hali yake, yaani majani, miti, mabwawa ya mafunjo, na kingo za mito zisizolimwa, wala hatuhitaji saruji.

Tukianza na kuta, nendeni Budalang'i. Kuta za udongo kando ya mto Nzoia zimewawezesha watu kuishi na kulima mahali ambapo pasingekalika, na mtu asizidharau. Lakini zilivunjika mwaka 2003, zikavunjika tena mwaka 2020. Ukuta ukivunjika maji hayaji polepole kama yale ya zamani, huja kwa ghafula, nao watu wamekwisha kujenga karibu kwa kuwa waliona wako salama. Hata Uholanzi, nchi inayojulikana duniani kote kwa kuta zake, ilianza mwaka 2007 kuipa mito yake nafasi zaidi, mahali pengine kwa kusogeza kuta nyuma ili maji yapate pa kutandaa.

Na mabwawa je? Bwawa la Koru-Soin katika mto Nyando limekusudiwa kupunguza mafuriko ya Kano na kuwapa watu maji. Ni jambo jema. Lakini kumbukeni Masinga kwenye mto Tana, bwawa lililomalizika mwaka 1981. Tope lililoingia humo limepita makadirio ya wahandisi, na tope hilo halikutoka mbinguni. Lilitoka katika mashamba. Kwa hiyo hata mtu apendaye saruji anahitaji mkulima wa juu ashike udongo wake.

Lakini upande wa pili nao una maneno ya kupita kiasi. Mzee mmoja aliniuliza, "Karani, haya majani ya napier yangezuia mvua ya mwaka 1961?" Nilimjibu hapana. Wala yasingezuia ile ya mwaka 1997, wala ya mwaka 2024 iliyoua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Mvua ikinyesha wiki tatu mfululizo udongo hujaa kama sifongo iliyoloa, na tone linaloanguka juu yake halina pa kuingia, hata uwe umepanda msitu mzima. Msimwamini mtu awaambiaye kwamba miti pekee itamaliza mafuriko. Mwaka ule ule, tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu tundu la chini lilizibwa na takataka, kisha yakapasua, yakaua zaidi ya watu 40 usiku. Maji yaliyozuiwa mahali pasipofaa ni mabaya kuliko yaliyoachwa yapite.

Basi kwa nini nawahimiza kupanda majani? Kwa sababu mvua kubwa kama hizo huja mara moja kwa miaka mingi, lakini mvua ya kadiri huja kila mwaka, na hiyo ndiyo iibayo udongo kila mwaka. Tope la miaka kumi ya mvua za kadiri ndilo linalojaza mto, hata ile kubwa ikija haipati nafasi. Mvua kubwa hatuwezi kuizuia. Kitanda cha mto tunaweza kukiacha wazi kwa ajili yake.

Najua wazee wengi hawapendi kusikia neno matuta, na wana haki. Zamani za ukoloni yalichimbwa kwa amri. Huko Murang'a mwaka 1947 akina mama, ambao ndio waliochimba zaidi, walikataa kabisa. Lakini tazameni Machakos, ambako mwaka 1937 afisa Colin Maher aliandika kwamba nchi inaharibika vibaya. Kufikia mwaka 1990 watu wa huko walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko zamani. Wakulima wenyewe waliyachagua matuta ya fanya juu, kwa sababu waliona yanashika maji ya mahindi na ya kahawa, na mazao yalikuwa na soko. Mtu akiona faida hahitaji askari nyuma yake.

Fanya juu mnaijua: unachimba mtaro kwa usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unaacha nafasi ndogo katikati ili usirudi mtaroni, na juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe. Kosa kubwa si katika kuchimba. Kosa ni kusahau mahali pa kutokea maji. Katika skimu yetu mkulima mmoja alichimba matuta mazuri msimu mmoja wa kiangazi, kazi ya mtu wa bidii kuliko sisi sote. Yote yaliinamia upande mmoja, na mwisho wake ulikuwa kwenye njia ya miguu kati yake na jirani. Mvua ya kwanza njia ikawa mfereji. Mwaka wa pili ikawa korongo, na ndama wa jirani akaanguka humo akavunjika mguu. Aliyempimia mistari hakumwuliza maji yatatokea wapi, na mimi ndimi niliyeandika daftarini kwamba kazi imekamilika. Majirani wale hawajasalimiana mpaka leo.

Kwa hiyo njia ya maji hutangulia, matuta hufuata. Chagueni bonde dogo ambalo maji hupita yenyewe. Lifanyeni pana na la kina kidogo, kama sinia, si kama mtungi. Pandeni majani mafupi yanayotambaa, kama yale ya kikuyu, na mngoje msimu mmoja au miwili mpaka yashikane, ndipo mwelekeze matuta huko. Msilime ndani yake, wala msiigeuze kuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Na kwa kuwa maji hayajui mipaka ya ramani, hapana budi majirani wanne au watano wakubaliane njia moja. Hapo ndipo pagumu, kuliko kuchimba. Wenye miwa nao wasichome majani makavu baada ya kuvuna. Wayapange katikati ya mistari, yatapunguza mbio za maji.

Tena kuna ukingo wa mto. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka nafasi ya mita 6 hadi 30 kila upande kufuatana na upana wa mto. Mtu mwenye mita 200 kando ya kijito, akiacha mita 6 tu, ameacha zaidi kidogo ya robo ekari, na kwa mwenye ekari chache si kidogo. Anaweza kukata majani ya kulisha ng'ombe, kupanda mianzi na kuacha mikuyu isimame, ila jembe lisiingie. Mikaratusi isiwe huko. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kando ya mito kwa sababu ya kunywa maji mengi.

Mtaniuliza, "Mbona sisi wa juu tutoe shamba ili watu wa chini walale salama?" Swali ni la haki. Huko Nyandarua, juu ya mto Malewa, wakulima waliopanda mistari ya majani na kuacha kingo walianza mwaka 2010 kupewa hati za kununulia pembejeo, fedha zikitoka kwa watumiaji wa maji wa chini, upande wa Naivasha. Haikuwa mali nyingi. Lakini kwa maoni yangu jambo lenyewe ni sawa, na kama chama chenu cha watumiaji wa maji hakijalizungumza, liulizeni katika mkutano ujao, na watu wa Kano waalikwe.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usikae barazani. Chukua gunia ujifunike, na vijiti vichache mkononi, ukazunguke shamba lako wakati maji yanapita. Mahali yanapoingia choma kijiti, na mahali yanapotoka choma kijiti. Kisha mwite jirani wa chini avione, ndipo mje wote wawili ofisini. Kamba na kipima maji viko, na Bwana Shamba atakuja kupima. Safari hii mimi sitaandika kwamba kazi imekamilika mpaka nimeona mahali maji yanapotokea.