Uchaguzi wa Chuo kwa Mhitimu wa Sekondari wa Bungu, Korogwe: Kupima Programu Kabla ya Jina la Chuo

Makala hii inafafanua namna mhitimu wa sekondari kutoka Bungu, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, anavyoweza kupima vyuo na kuchagua kinachomfaa. Bungu imeteuliwa kwa sababu huko uchaguzi huu una uzito wa pekee. Kaya nyingi huishi kwa kilimo cha mlimani, na ada ya mwaka wa kwanza aghalabu hutokana na mauzo ya mazao au ya mfugo. Fedha hiyo ikipotelea katika chuo kisichofaa, si rahisi ipatikane tena; mara nyingi mdogo wake mhitimu ndiye anayelipa hasara.

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 hadi 2016/2017, udahili wa vyuo vikuu uliratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa mfumo mmoja wa pamoja. Tangu 2017/2018 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Mabadiliko hayo yalimpa uhuru, lakini pia yalimtwisha kazi ya upembuzi, na vyuo navyo vikapata sababu ya kujinadi. Tangazo la redioni, kwa hiyo, lichukuliwe kama tangazo la biashara.

Hoja ya msingi hapa ni kwamba kinachopimwa kwanza ni programu. Mwezi Julai 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka uliofuata; sambamba na hilo ilizuia programu 75 katika vyuo vingine 22. Takwimu hii ya pili ndiyo yenye somo kwa mwombaji: chuo kinaweza kuwa na ithibati, kikawa na jina, huku programu anayoitaka yeye hairuhusiwi. Mwongozo wa udahili wa TCU huonyesha, kwa kila programu, sifa za kujiunga, nafasi zilizopo na muda wa masomo. Programu isiyoonekana humo isiombwe, hata kama afisa wa chuo anaahidi kwamba "inashughulikiwa."

Sifa za kujiunga nazo husomwa kwa haraka mno. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili wenye alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye C na E amefikisha alama hizo. Hata hivyo, programu nyingi hutaja masomo mahususi, na hapo ndipo wengi hukwama. Aliyeishia kidato cha nne huangalia orodha ya NACTVET, akihakikisha kuwa astashahada anayoianza inampandisha hadi stashahada, yaani ngazi ya 6 ya tuzo.

Suala la umbali linahitaji tahadhari. Karibu na Bungu kuna Chuo cha Ualimu Korogwe na, mbele kidogo, Chuo cha Ualimu Handeni. Tanga mjini kuna VETA, na nje kidogo ya mji kuna kampasi ya mifugo ya Buhuri. Ukaribu hupunguza nauli na pango. Lakini kwa maoni ya mwandishi, vijana wengi wa ukanda huu huingia ualimu kwa kuwa chuo wanakiona njiani, na hiyo ni sababu hafifu ya kuchagua kazi ya maisha. Anayetazama Dar es Salaam au Morogoro aongeze kwenye ada gharama za chakula, chumba na mafunzo kwa vitendo, kisha ajumlishe miaka yote, si mwaka wa kwanza tu.

Hesabu hiyo hubadilika endapo kuna mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza mwaka 2023/2024 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, kilimo na mifugo. Kwa hiyo stashahada mbili zenye ada sawa zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa kwa mzazi wa Bungu, na orodha ya fani hizo inafaa kusomwa kabla ya kujaza maombi.

Waliochaguliwa na vyuo vikuu zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri, ndani ya muda uliotangazwa. Siku hizo chache zinatosha kumpigia simu mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu ileile na kumwuliza mambo matatu: walimu huingia darasani, vifaa vya mafunzo kwa vitendo vipo, na michango isiyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ni kiasi gani.